Waliomsikia Bwana Mifugo

Bwana Eliamani alikuwa na meza moja na kiti kimoja, na kwa miaka tisa sikumwona akinunua cha pili. Nilimtania siku moja, "Bwana Mifugo, mgeni akija utamketisha juu ya debe la dawa ya kupe?" Akasema mgeni akija atanunua. Wala hakuwa anatania. Alikuwa hajapata mgeni.

Alikuja Karatu mwaka 1971 kutoka Old Moshi, cheti chake cha chuo cha mifugo kimefungwa ndani ya gazeti kisikunjike. Mkewe, Monika, alibaki nyumbani na binti yao mdogo, Esta, maana kihamba, shamba la ukoo, hakiachwi na kahawa haijichumi. Miaka ya kwanza alikwenda kila likizo. Baadaye ikawa nauli, baadaye vita vya Uganda, baadaye mafuta hakuna, na mwishowe nadhani yalikuwa mazoea tu ya kutokwenda. Barua za watumishi wote wa serikali zilipitia mezani kwangu, kwa hiyo nilijua kabla yake ni mwezi gani Monika hakuandika. Nilimwonea huruma, halafu huruma yenyewe ikaniudhi, kwa sababu Bwana Eliamani hakuwa mtu rahisi kupendwa.

Niseme mimi ni nani. Naitwa Marsela, mzaliwa wa Daa, na miaka ile nilikuwa karani wa mahakama. Mahakama gani, sitaitaja. Waliokaa humo wana wajukuu, na bado nakutana nao kanisani. Kazi yangu ilikuwa kuapisha mashahidi, kuandika majalada, kupiga taipu, na kumnong'oneza hakimu jina la mshtakiwa alipolisahau.

Tatizo la Eliamani lilikuwa mdomo. Ng'ombe alimjua kuliko mtu yeyote upande wetu, lakini badala ya kufundisha alikuwa anakaripia. Siku za josho alisimama kwenye shimo na fimbo yake, na wazee wenye ng'ombe themanini walimpita wameinamisha vichwa kama watoto waliochelewa shule. Mwaka 1976 alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba ng'ombe yeyote atakayeonekana amechomwa kwa chuma cha moto hataingia joshoni kwake. Hapa kwetu, Mwiraqw kwa Mmasai, ng'ombe akishikwa na ndigana, ile homa ya kupe, tezi huvimba, na watu huchoma juu ya ule uvimbe mistari miwili, mitatu. Babu zetu walichoma. Wengine walipona, wengine walikufa. Eliamani alisema huo ni ujinga na mateso kwa mnyama, kinga ni josho. Watu wakasema ndiyo, Bwana Mifugo, wakaenda zao.

Mahakamani alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila kesi ya wizi wa mifugo aliitwa kuwa shahidi mtaalamu, asome chapa, makovu na mikato ya masikio. Siku hiyo aliamka mapema kupasha pasi ya mkaa, akaja na shati jeupe. Akipanda kizimbani sauti inashuka, maneno anayapanga moja moja, na watu waliojaa mlangoni wananyamaza. Naamini ndiyo siku pekee ambayo binadamu walimtazama usoni. Akimaliza, hakimu anasema, "Shahidi, unaweza kwenda," naye anakwenda. Hukumu hakuisubiri; alikuwa na majosho yake.

Lakini jioni lazima apite dirishani kwangu. "Marsela, nimeongeaje leo?"

"Vizuri sana, Bwana Mifugo."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemsikia. Mtu anayeandika maneno ya wengine toka asubuhi hadi jioni hasikii kitu, anaandika tu. Kwa miaka sita nilimwambia vizuri sana, naye akaenda zake na hiyo "vizuri sana" yangu kama mtu aliyepewa chakula cha jioni.

Januari 1978 ilikuja kesi ya Metui. Metui alikuwa Mmasai wa juu ya msitu, upande wa Oldeani, mwenye mke mmoja na ng'ombe wachache. Patrisi, mkulima wa Endamarariek, alimwona joshoni na ng'ombe mwekundu, akasema huyo ni wake, alipotea mwaka juzi, na alikuwa na chapa ya herufi P begani. Begani pa yule ng'ombe hapakuwa na P. Palikuwa na makovu ya moto. Eliamani alimkagua uani, akapanda kizimbani, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba makovu hayo yamechomwa kwa mkono wa mtu, kwa chuma, na kwa maoni yake ya kitaalamu yamewekwa hapo kufuta chapa. Hakimu akamuuliza Metui kovu limetoka wapi. Metui akasema ng'ombe aliungua na moto wa nyasi. Hata mimi niliyekuwa nimeinamia karatasi nilijua huo ni uongo, maana moto wa nyasi hauchori mistari. Uongo huo ndio uliomfunga. Alipewa miaka mitano, na ng'ombe akapewa Patrisi.

Jioni Eliamani alipita dirishani. Nikamwambia vizuri sana.

Juni 1980 tukapata hakimu mpya, kijana aitwaye Inosenti. Watu walimcheka kwa sababu alikuwa anauliza sana, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Kesi ya kwanza ya ng'ombe ilipoletwa akaniuliza, "Dada Marsela, huyu shahidi mtaalamu, utaalamu wake umepimwa na nani?" Nikamwambia ana cheti. "Cheti kinasema alifaulu chuoni mwaka sabini. Mimi nataka kujua waliomsikia humu ndani wanasemaje."

Basi akatunga maswali manne, nami nikayapiga taipu nakala tano kwa karatasi ya kaboni, moja ya akiba. Je, shahidi alieleweka? Je, alijibu alichoulizwa tu? Je, alikiri pale asipojua? Je, ungependa aitwe tena? Fomu zijazwe na watu wa kesi moja aliyoitolea ushahidi: hakimu aliyeisikiliza, mzee wa baraza, mlalamikaji, na mshtakiwa. Inosenti akachagua jalada bila kuangalia, likatoka la Metui. Na kwa kuwa mahakama haikuwa na gari wala mtu wa kutuma, Eliamani aliambiwa azizungushe mwenyewe, karani amsaidie kuandika.

Mwingine angeona ametukanwa. Eliamani alifurahi mpaka nikaona aibu. Mtu mzima, nywele zimeanza mvi, ananiuliza kama fomu ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au nyeupe. Miaka yote hiyo alikuwa amengoja mtu amwambie kwa kweli ameongeaje.

Hakimu wa zamani, aliyekuwa amehamishiwa Kondoa, alijibu kwa posta baada ya wiki tano: shahidi ni hodari, anaeleweka, na havai kofia mahakamani. Patrisi tulimkuta shambani akipalilia ngano, akaweka dole gumba bila kusubiri nimalize kusoma. "Aitwe tena," akasema, "hata kesho." Eliamani alizikunja hizo mbili akaziweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Njiani alinisimulia habari za Esta kuanza sekondari. Ilikuwa mara ya kwanza kunisimulia jambo lisilo na kwato.

Mzee wa baraza aliyekaa kwenye kesi ile alikuwa Mzee Bartolomeo. Tulimkuta kwake akiparua gome la kuni. Nikamwamkia, akatukaribisha, mkewe akaleta maziwa ya mgando. Nikamsomea swali la kwanza kwa Kiiraqw. Alieleweka, akasema. La pili, ndiyo. La tatu akaangalia kikombe cha Eliamani kama kimejaa bado.

"Andika hajui kuchoma," akasema kwa Kiswahili, ili mwenyewe asikie.

"Kuchoma nini, Mzee?" Eliamani akauliza.

"Ng'ombe, Bwana Mifugo. Lile kovu la yule Mmasai lilikuwa la ndigana. Mistari mitatu mbele ya bega, pale pale panapovimba. Mimi mwenyewe ninao wawili wa namna hiyo zizini."

"Kwa nini alisema moto wa nyasi?"

"Wewe ulitangaza ukimwona aliyechomwa haingii josho. Ndama wake wangekufa kwa kupe. Akaona bora aseme moto wa nyasi. Wote tulikuwa tunakwambia moto wa nyasi. Hukuwahi kushangaa kwamba nchi hii inaungua kila mwezi?"

Sijui nani alinitia nguvu ya kusema, lakini nilipandisha sauti mbele ya mtu wa umri wa baba yangu. "Mzee, wewe ulikuwa umekaa pale mbele! Kwa nini hukusema?"

"Hakimu aliniuliza mtu huyu ana hatia au hana. Mtu amesema uongo mbele yangu, nikasema anayo. Habari ya kovu hakuniuliza. Na mtaalamu akishasema, binti yangu, mzee wa Endamarariek asemee wapi?" Akashusha macho. "Na mimi nilikuwa na ng'ombe wa kupeleka josho Alhamisi."

Tulirudi. Nilimchukia Mzee Bartolomeo njia nzima, mpaka nilipofika kwangu nikakumbuka kwamba na mimi ni wa Daa, baba yangu huchoma, na yule ng'ombe alifungwa uani hatua kumi kutoka dirisha langu. Sikutoka kumtazama. Nilikuwa na jalada la kumaliza.

Eliamani hakunipitia siku mbili. Ya tatu nilimwona alfajiri akipanda kuelekea msituni, peke yake, njia ya ng'ombe ambayo watu hawaipiti chini ya wanne kwa sababu ya nyati. Alirudi kesho yake jioni, viatu vimepasuka, akanisimulia akiwa amesimama.

Alikuwa amefika bomani kwa Metui. Mkewe, Nanyori, alikuwa anakamua. Eliamani alimsalimu, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," maana salamu hainyimwi mgeni, kisha akamtambua akaacha kukamua. Eliamani akamwambia amekuja kuuliza habari za lile kovu. Nanyori akasimama. Alimshika mkono wa shati, akampeleka hadi kwa mtamba mmoja mweusi, akamwonyesha mbele ya bega. Mistari mitatu, mibichi bado, imepakwa samli.

"Na huyu," akamuuliza, "tulimwiba wapi?"

Eliamani aliponieleza hilo alikaa chini, kwenye ngazi ya mahakama, kwenye vumbi, na lile shati lake. Akasema Nanyori hakumfukuza. Alimpa maziwa, akamwonyesha pa kulala kwenye nyumba ya mbuzi wachanga, na hakusema naye neno jingine hadi asubuhi. Hilo lilimuumiza kuliko kufukuzwa.

Sasa mtu aelewe palivyokuwa. Metui alikuwa bado na miaka miwili na nusu gerezani. Inosenti hakujua lolote. Fomu alizokuwa anazisubiri zilikuwa mikononi mwa Eliamani mwenyewe. Ya Mzee Bartolomeo ikipotea, na fomu zilikuwa zinapotea kila siku, zinabaki mbili nzuri, na Eliamani anaendelea kupanda kizimbani na shati jeupe. Akiipeleka, ile siku moja ya kutazamwa usoni inakwisha.

Alikaa na bahasha wiki nzima. Alipita dirishani kila jioni, akasimama, akaondoka. Siku ya Ijumaa akaniuliza, "Marsela, kesi ile ya Metui, nilikuuliza nimeongeaje?"

"Uliniuliza."

"Ulisema nini?"

"Nilisema vizuri sana." Nikaona nisiendelee kumdanganya. "Sikuwa nimekusikia, Bwana Mifugo. Sijawahi kukusikia hata siku moja. Nilikuwa naandika."

Nilitamani anikaripie kama alivyozoea. Akasema tu, "Basi nipe fomu nyingine."

Akaijaza mwenyewe, juu ya nafsi yake, pale pale dirishani. Je, alikiri pale asipojua? Akaandika: Hapana. Nyuma ya karatasi akaeleza ukurasa mzima habari ya ndigana, mistari, tangazo lake la 1976, na mtamba mweusi wa Nanyori. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Jumatatu aliiweka mezani kwa Inosenti pamoja na zile tatu, na Inosenti alipoisoma alisimama, jambo ambalo sikuwahi kuona hakimu akimfanyia shahidi. Kisha akamwambia, kwa heshima, kwamba mahakama haitamwita tena kwa sasa.

Jalada lilikwenda Arusha, Mahakama Kuu. Lilikaa huko miezi kumi. Hukumu ikafutwa, na Mei 1981 Metui akatoka, baada ya miaka mitatu na miezi minne kwa ng'ombe wake mwenyewe. Yule ng'ombe alikuwa ameshakufa kwa Patrisi. Patrisi, bila kuambiwa na mtu, alimpandishia Metui mtamba hadi juu ya msitu, akarudi usiku ule ule kwa aibu ya kulala kwake.

Metui alikuja mahakamani kuchukua karatasi yake yenye muhuri. Alikuwa amekonda, masikio yake marefu hayana hereni. Ile fomu ya mshtakiwa ilikuwa bado droo kwangu, tupu. Inosenti hakuwa anaihitaji tena, lakini niliitoa, nikamwomba anijibu.

"Je, alieleweka?"

"Sana," Metui akasema. "Alipokuwa anasema, dada, hata mimi nilijiona mwizi."

"Je, alijibu alichoulizwa tu?"

"Tu."

"Je, alikiri pale asipojua?"

"Pale kizimbani, hapana. Lakini alikuja kwangu kwa miguu. Mke wangu ameniambia. Njia ile mimi sipiti peke yangu. Andika ndiyo."

"Ungependa aitwe tena?"

Alifikiri. "Aitwe. Sasa anajua makovu." Akachukua karatasi yake yenye muhuri, akaikunja mara nyingi mpaka ikaingia kwenye kiganja. "Andika na hili. Mimi simsalimii."

"Fomu haina mahali pa hilo, kaka."

"Andika pembeni."

Nikaandika pembeni. Mtu asiyejua kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Kwa Mmasai, kumpita mtu mzima bila salamu ni kumwambia hayupo. Nanyori mwenyewe hakuthubutu.

Eliamani alikuja jioni. Nilikuwa nimekwisha kuamua sitamsomea pembeni, lakini aliiona mwenyewe, akaweka kidole hapo, akataka nimsomee kwa sauti. Nikamsomea.

"Alisema hanisalimii kabisa, au kwa sasa?"

Metui hakusema kabisa, wala hakusema kwa sasa. Alisema hamsalimii, basi. Na mimi, niliyeshika Biblia na kuapisha watu kusema kweli tupu miaka tisa, nilimtazama yule mtu amesimama dirishani peke yake na nikamwambia, "Kwa sasa."

Uso wake ukafunguka. Laiti usingefunguka.

Tangu wiki ile aliacha kusimama kwenye shimo la josho. Alisimama kwenye lango, mahali pembamba ambapo mwenye ng'ombe hawezi kupita bila kumkaribia. Hakushika fimbo. Waliochoma ng'ombe zao walipita nao wazi wazi, naye akauliza walichoma siku ya ngapi ya homa, akaandika kwenye daftari. Watu wakaanza kumzoea, hata kumtania. Lakini yeye alikuwa anamngoja mmoja. Metui alipita kila Alhamisi na ng'ombe wake, macho mbele, na Alhamisi jioni Eliamani alipita dirishani kwangu. Hakuuliza tena ameongeaje. Alisema, "Bado." Nami nikasema, "Bado, Bwana Mifugo." Miaka mitatu hivyo, na kila wiki nilijiapiza kumwambia ukweli, na kila wiki nilimwona anavyokuja akiwa na jambo moja la kutumaini, nikashindwa.

Mwaka 1984 alihamishiwa Singida. Asubuhi ya kuondoka alinipa mkono, akaniomba nimfikishie Metui ujumbe: kwamba asidhani amechoka kusubiri, ni uhamisho tu.

Sikumfikishia. Ningemwambia nini Metui, ambaye hakuwahi kumwomba mtu asubiri?